Kumchagulia mtoto mdogo darasa la karate, judo au taekwondo

Mzazi anayetaka kumwandikisha mtoto wa miaka mitano au saba kwenye mafunzo ya kujihami huanza na swali moja: karate au judo? Kwa umri huo swali hilo lingoje. Mtoto mdogo hajifunzi kupigana bado. Anajifunza kusimama kwa mguu mmoja asiyumbe, kuanguka asiumie, kungoja zamu yake, na kumshika mwenzake kwa nguvu bila kumwumiza. Hayo hufundishika vizuri katika mchezo wowote wa aina hii, na huharibika katika wowote vilevile. Kinacholeta tofauti ni mwalimu aliye mbele ya watoto na sakafu iliyo chini ya miguu yao. Tafuta hivyo viwili kwanza.

Umbali nao una uzito kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mnakaa Mbagala, klabu iko Mbezi, na darasa ni saa kumi na moja jioni: hiyo foleni mtaivumilia mwezi mmoja. Klabu ya wastani, yenye mwalimu makini, iliyo karibu na nyumbani, itamfaa mtoto kuliko klabu maarufu anayofika amechoka na kuikosa nusu ya siku. Panga pia na ratiba ya madrasa na masomo ya ziada kabla hujalipa chochote. Siku mbili kwa wiki zinatosha kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka minane.

Umri na utayari

Chini ya miaka minne hakuna cha kulipia, mwache acheze. Kwa miaka minne na mitano, darasa linalofaa ni la dakika 30 hadi 45, na ukilitazama kwa mbali utadhani ni michezo tu: watoto wanatambaa, wanaviringika, wanakimbia na kuganda filimbi ikilia, wanavutana mikanda. Hapo ndipo mwili unapojifunza. Miaka sita na saba, dakika 45 hadi 60, na mtoto anaweza kushika mfululizo wa miondoko michache. Kushindana na mwenzake kwa mguso mwepesi, chini ya macho ya mwalimu na akiwa amevaa kinga, kusubiri hadi miaka minane hivi.

Ukimsikia mwalimu akiwaahidi wazazi kwamba baada ya miezi mitatu mtoto ataweza kumshinda mtu mzima anayetaka kumteka, ondoka. Mtoto wa kilo 18 hamwangushi mtu wa kilo 80. Anachoweza kufundishwa ni kupiga kelele, kujinasua mkono, kukimbilia penye watu, na kumweleza mzazi kilichotokea. Mwalimu mkweli husema hivyo waziwazi.

Kabla ya kumpeleka, mpime nyumbani. Mwambie maagizo matatu kwa mpigo: "Chukua kikombe, kampe dada yako, kisha urudi hapa." Je, anayafuata yote? Anaweza kukaa nusu saa na mtu mzima asiye wa nyumbani bila kulia? Anakwenda chooni mwenyewe? Kama bado, miezi sita ya kusubiri haina hasara yoyote.

Mchezo upi

Judo, ulioasisiwa na Kanō Jigorō jijini Tokyo mwaka 1882, ni mchezo wa kushikana na kuangushana, hauna ngumi wala teke. Mtoto anayependa kugaragazana na wenzake atajisikia yuko kwao. Kwa watoto wadogo ni chaguo letu la kwanza, lakini kwa sharti moja lisilojadilika: mikeka halisi. Judo juu ya saruji au juu ya jamvi jembamba usiikubali hata kama ni bure. Kukaba shingo na kukunja kiwiko ni mbinu za wakubwa. Ukiona watoto wa miaka saba wanafundishwa, kuna kasoro. Zanzibar mchezo huu una mizizi, kwa hiyo huko kupata mwalimu mzuri ni rahisi zaidi.

Karate haihitaji ukumbi wa gharama, na ndiyo maana utaikuta mitaani kote, kwenye kumbi za shule na viwanja vya jirani. Mtoto anayependa utaratibu, kurudia jambo hadi likae sawa, ataipenda kwa sababu ya kata, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa. Mitindo ni mingi, Shotokan, Goju-ryu, Shito-ryu, Wado-ryu, na kwa mtoto wa miaka sita tofauti zake hazina maana. Tofauti moja tu ndiyo ya kuuliza: kama klabu ni ya Kyokushin au mtindo uliotokana nao, wakubwa hupigana mwilini kwa nguvu zote bila glavu. Uliza watoto wanafanya nini hasa, na wenye umri gani.

Taekwondo ni mchezo wa mateke kutoka Korea, na kwa Kenya ni mchezo uliofika mbali: wachezaji wake walishiriki Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, na tena ile ya Tokyo iliyofanyika 2021. Unajenga miguu, wepesi na mizani. Angalizo letu linatokana na kanuni zake za mashindano: teke la kichwani hupewa pointi 3, la kifuani 2. Mwalimu mwenye pupa ya medali huanza mapema kufundisha watoto kulenga kichwa. Uliza moja kwa moja: "Watoto wa umri wa mwanangu wanaruhusiwa kugusana kichwani?" Jibu unalolitaka ni hapana. Wala usitulizwe na helmeti. Inazuia michubuko na mipasuko. Ubongo unaotikisika ndani ya fuvu hauuzuii.

Jiu-jitsu ya Brazil huchezwa zaidi chini, kwa hiyo maanguko makubwa ni machache, ila mbinu zake nyingi ni za kukaba na kukunja viungo, na mwalimu lazima azichuje kwa watoto. Ndondi na michezo mingine ambayo ushindi wake ni kumpiga mtu kichwani, mtoto mdogo asipelekwe. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, American Academy of Pediatrics, kinapinga ndondi kwa watoto, nasi tunaona wana haki.

Katazame darasa zima, mtoto akiwa nyumbani

Hii ndiyo kazi yenyewe. Nenda siku ya kawaida, wala si siku ya maonyesho au mtihani. Fika mapema, msalimie mwalimu, mwombe: "Mwalimu, naomba kukaa pale nyuma nitazame darasa lote." Akikataa mzazi asitazame kabisa, umeshapata jibu, na umeokoa muda. Akikubali, kaa, weka simu mfukoni, baki na saa tu.

Hesabu vichwa kwanza. Kwa watoto wa miaka minne hadi sita, mtu mzima mmoja asiwe na zaidi ya watoto wanane au kumi. Kwa miaka saba hadi tisa, kumi na tano ni mwisho. Kijana wa miaka kumi na minne mwenye mkanda wa kahawia ni msaidizi mzuri, lakini usimhesabu kama mtu mzima.

Kisha chagua mtoto mmoja wa umri wa mwanao umfuate kwa macho. Pima dakika ambazo mwili wake unasogea. Katika darasa la dakika 45, zisipungue 25. Kosa la kawaida kuliko yote ni foleni: watoto 20, kigongeo kimoja, kila mmoja anapiga teke kwa sekunde 15. Maana yake kila mtoto anasimama karibu dakika tano kabla zamu yake haijarudi, na katika dakika tano hizo ndipo wanaposukumana, wanapopigana kweli na wanapochoka. Mwalimu anayejua watoto huwagawa wanne wanne, au huweka vituo vitatu vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja.

Sikiliza anavyosahihisha. Mwalimu mzuri hutaja kitu kimoja kwa wakati mmoja: "Vidole vya mguu vikunje." Hushuka chini, macho yake yakawa usawa wa macho ya mtoto. Huwajua kwa majina. Mtoto akikosea humwonyesha tena, wala hamwigizi ili wenzake wacheke. Tazama hasa anavyomshughulikia mtoto dhaifu kuliko wote darasani, kwa sababu siku ya kwanza huyo atakuwa mwanao.

Pasha moto isizidi dakika kumi, na isijae pushapu. Haya yakitokea mbele yako, usirudi:

- Bakora, kofi, au pushapu na kuruka kichura kama adhabu.
- Mtu kukaa au kukandamiza mabega ya mtoto ili apige msamba. Misuli ya paja na nyonga huchanika hivyo, na mifupa ya mtoto ina sehemu laini za ukuaji zinazoumia upesi kuliko mifupa ya mtu mzima.
- Watoto kupiga ukuta, mbao au matofali, au kupiga pushapu za ngumi juu ya saruji.
- Kunyimwa maji "ili wakomae". Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa mtoto anywe kila baada ya dakika 15 hadi 20.
- Mtoto mdogo kupambanishwa na aliyemzidi sana kwa kilo au miaka.

Kosa jingine ni la kimya zaidi na hupita bila kuonekana. Mtoto akipiga teke hewani kwa nguvu huku akinyoosha goti hadi mwisho, goti hupokea kishindo chote. Mwalimu makini huwaambia waurudishe mguu haraka na kuacha goti limelegea kidogo. Ukilisikia hilo likisemwa, uko kwa mtu anayejua kazi yake.

Sakafu, na namna wanavyofundishwa kuanguka

Kwa karate na taekwondo isiyo na kuangushana, sakafu ya mbao au mikeka ya povu ya sentimita 2 hadi 2.5 inatosha. Uwanja wa nyasi nao unafaa, mradi mwalimu apite kwanza kuokota vioo, misumari na mawe, na umwone akifanya hivyo. Penye kurushana, mkeka uwe na unene wa sentimita 4 au zaidi, na uwe mgumu kiasi. Upime mwenyewe: piga goti juu yake kwa uzito wako. Ukiisikia saruji, haufai. Godoro la kitandani nalo halifai, kwa sababu mguu huzama kifundo kikapinda, na lenyewe huteleza.

Pitisha mguu kwenye maungio. Nafasi ya upana wa kidole kati ya mkeka na mkeka huvunja vidole vya miguu. Tazama kuta na nguzo: watoto wanaorushana wawe mbali nazo mita mbili, au nguzo zifungwe povu. Kila jozi ipate eneo la mita mbili kwa mbili walau. Mikeka ifutwe kwa maji yenye dawa kabla ya kila darasa, na kandambili ziachwe pembeni, zivaliwe mtu anapokwenda chooni. Pasipo usafi huo, choa na mapunye vitapita kwa watoto wote ndani ya wiki chache.

Sasa kuanguka kwenyewe, na hapa tunaomba usiharakishe. Mtoto huanza akiwa amelala chali: kidevu kifuani, macho yanatazama fundo la mkanda, viganja vinapiga mkeka kwa pamoja, mikono ikiwa imeachana na mwili kwa nyuzi 45 hivi. Halafu akiwa ameketi, halafu amechuchumaa, halafu amesimama. Kila hatua madarasa kadhaa. Kidevu kikiachwa juu, kisogo ndicho kinachotua. Mkono ukinyooshwa nyuma kuzuia mwili, kifundo cha mkono au mfupa wa juu ya kiwiko ndio unaovunjika, na huo ni mvunjiko wa watoto hasa. Mtoto asirushwe na mwenzake kutoka kusimama kabla hajaweza kuanguka mwenyewe akiwa amesimama, bila kufikiri, mara kumi mfululizo. Kwa mtoto wa miaka sita hiyo ni miezi miwili au zaidi.

Japani wenyewe wamelijifunza hili kwa uchungu. Katika muda usiofika miaka 30 kuanzia 1983, wanafunzi zaidi ya 100 walikufa kutokana na judo shuleni. Wengi walikuwa wageni wa mchezo waliorushwa kwa nyuma, kichwa kikapigwa au kikatikiswa na damu ikavuja ndani ya fuvu. Walikuwa wakubwa kuliko mtoto unayempeleka wewe, lakini sababu ni ileile: walirushwa kabla hawajajua kuanguka. Na mwaka 2022 shirikisho la judo la Japani liliyafuta mashindano ya taifa ya mchezaji mmoja mmoja kwa watoto wa shule za msingi, kwa kuwa tamaa ya ushindi ilikuwa imewazidi wazazi na makocha. Nchi iliyouzaa mchezo imeona hivyo. Klabu ya mtaani kwenu haina sababu ya kumkimbiza mtoto wa miaka saba kwenye medali.

Mwalimu ni nani

Mkanda mweusi unasema mtu anaujua mchezo. Hausemi anajua watoto. Muulize alipewa mkanda na nani, mwaka gani, chama gani kinamtambua, na amefundisha watoto muda gani. Vyeti vya dan, yaani madaraja ya mkanda mweusi, vya taekwondo vinavyotolewa na Kukkiwon, makao makuu ya mchezo huo yaliyoko Seoul, vina namba, na vinaweza kuhakikiwa kwenye tovuti yao. Tanzania, vilabu na vyama vya michezo husajiliwa kupitia Baraza la Michezo la Taifa. Kenya kuna ofisi ya Msajili wa Michezo. Omba uone cheti cha usajili. Omba pia cheti cha tabia njema cha polisi. Mwalimu asiyekerwa na ombi hilo ni yule aliyeshawahi kuombwa.

Kuna mambo ya kukubaliana kabla ya siku ya kwanza. Hakuna mtu mzima wa klabu anayebaki peke yake na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Watoto wabadilishe nguo nyumbani, waje wamevaa. Mwalimu asiwasiliane na mtoto kwa simu kumpita mzazi. Mguso wa kusahihisha ufanyike mbele ya wote, na mtoto aambiwe kabla ya kushikwa. Ukiwa na shaka kwamba mtoto anadhulumiwa, namba ya simu ya huduma kwa watoto ni 116, Tanzania na Kenya pia, na kupiga ni bure.

Wazazi wa Pwani huuliza mara nyingi kuhusu mavazi na kuinama. Hijabu inaruhusiwa katika mashindano ya kimataifa ya karate na taekwondo, kwa hiyo klabu isiyoiruhusu mazoezini ina sababu zake yenyewe. Kuhusu kuinamiana mwanzo na mwisho wa darasa, mweleze mwalimu msimamo wa nyumbani kwenu kabla ya kulipa, msikilizane. Mtoto asiachwe peke yake mbele ya wenzake akibishana na mwalimu.

Fedha na mikanda

Usiulize ada ya mwezi peke yake. Uliza gharama ya mwaka mzima. Tuseme klabu inatoza shilingi 40,000 za Tanzania kwa mwezi: hizo ni 480,000. Ongeza usajili 20,000, sare 60,000, mitihani mitatu ya mkanda kwa 30,000 kila mmoja, na mikanda mitatu ya 10,000. Jumla imefika 680,000, karibu 57,000 kwa mwezi, kabla ya nauli. Omba orodha hiyo kwa maandishi. Lipa mwezi kwa mwezi, usilipe mwaka mzima, na utunze risiti au ujumbe wa muamala wa simu.

Mtihani kila baada ya miezi mitatu au minne ni kawaida kwa wanaoanza. Kila mwezi ni biashara. Kila mtoto kufaulu kila mara nako si dalili nzuri. Kuna vipimo vinavyosaidia kumtambua mwalimu anayefuata taratibu: Kodokan, makao makuu ya judo huko Tokyo, haitoi mkanda mweusi wa judo kwa aliye chini ya miaka 14, Kukkiwon humpa aliye chini ya miaka 15 daraja la watoto linaloitwa pum, katika jiu-jitsu ya Brazil, kwa kanuni za shirikisho la IBJJF, mkanda wa bluu ni kuanzia miaka 16 na mweusi miaka 19. Klabu ya judo yenye watoto wa miaka minane waliofunga mikanda myeusi inauza vitambaa.

Afya, vifaa, na wiki za mwanzo

Mwambie mwalimu kwa maandishi kama mtoto ana pumu, kifafa, selimundu au tatizo la moyo, na umwone daktari kwanza. Mtoto mwenye selimundu anaweza kufanya mazoezi akiruhusiwa na daktari, lakini anywe maji zaidi, apumzike anapotaka bila kuulizwa, na asiachwe na nguo zenye jasho kwenye upepo. Dawa ya pumu ya kuvuta ikae ukumbini, wala isibaki kwenye gari.

Akigonga kichwa, mazoezi yameisha siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akilalamika kichwa kinazidi kuuma au akichanganya maneno, nenda hospitali saa ileile. Muulize mwalimu mapema yeye hufanya nini katika hali hiyo, na nani ana gari.

Usinunue sare kabla ya madarasa mawili matatu ya majaribio. Suruali ya mazoezi na fulana vinatosha. Ukinunua, gi, yaani sare hiyo, hupimwa kwa urefu wa mtoto: ya karate namba 000 ni ya sentimita 110, 00 ni 120, 0 ni 130. Ya pamba hunywea, kwa hiyo chukua namba moja juu na ukunje mikono. Gi ya karate ni nyepesi na itachanika kwenye judo, kwa kuwa judo ni kuvutana nguo. Kucha fupi za mikono na miguu, hereni na bangili zibaki nyumbani, chupa ya maji yenye jina. Kinga ya meno na ya kinena zitahitajika akianza kushindana, hazina haraka.

Baada ya kila darasa usiulize kama ameshinda. Mwambie akuonyeshe kitu kimoja alichojifunza. Kuanzia wiki ya tano au sita ugeni huisha na watoto wengi husema hawataki tena. Uliza sababu taratibu, bila kumkaripia. Kama amechoka, au anakosa katuni, endeleeni hadi mwisho wa mwezi mliolipia kisha mwamue pamoja. Kama anataja maumivu ya mahali palepale, mpeleke kwa daktari na umpumzishe. Na kama anamtaja mtu, mwalimu au mtoto mwenzake, asirudi pale hata darasa moja hadi ujue kilichotokea.